Bustani ya Dirishani Wakati wa Baridi: Maua ya Sikukuu, Viungo Adimu na Raha Nyingine

Maua ya chungu yanayonunuliwa Desemba mengi huwa yameshakufa ifikapo Februari, na anayeyaua mara nyingi si baridi. Ni maji. Mwenye nyumba anaona ua limenyong'onyea, analimwagilia. Kesho yake limenyong'onyea zaidi, anazidisha. Mizizi inaoza na chungu kinaishia jalalani.

Dawa yake ni kujua kwamba mmea, hata ukiwa dirishani kwako, bado unafuata majira ya kwao. Poinsetia, ule mmea wa Krismasi wenye majani mekundu, ina majira ya Meksiko, siklameni ya mashariki ya Mediterania, kaktasi ya Krismasi ya misitu ya milima ya Brazili. Ukishajua kwao mvua hunyesha lini, kiangazi huingia lini na usiku hurefuka lini, hutahangaika kuuliza umwagilie mara ngapi kwa wiki.

Tarehe zote hapa ni za nusu ya kaskazini ya dunia. Aliye kusini asogeze kila kitu kwa miezi 6.

Anza na dirisha

Kabla ya kununua chochote, pima mwanga. Saa 6 mchana, siku isiyo na mawingu mazito, tandika karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka chungu, kisha inua kiganja juu yake kiasi cha sentimita 30. Kivuli kikitoka na kingo kali hata vidole vinahesabika, hapo panafaa poinsetia na viungo. Kikitoka hafifu lakini bado unatambua kuwa ni mkono, hapo ni pa siklameni na kaktasi. Usipoona kivuli cha maana, tundika picha ukutani, mmea hapo utateseka bure.

Katika nusu ya kaskazini, dirisha linalotazama kusini ndilo lenye jua zaidi miezi hii. Futa kioo ndani na nje, maana vumbi hula mwanga kuliko tunavyodhani. Usiku jani lisiguse kioo, na pazia lisiufungie mmea upande wa kioo wenye baridi. Ikiwa chini ya dirisha kuna kipasha joto, weka ubao mpana juu yake ili hewa kavu isipande moja kwa moja kwenye majani.

Kama dirisha ni hafifu, taa ya LED iliyoning'inizwa sentimita 15 hadi 30 juu ya mimea, ikiwashwa saa 14 hadi 16 kwa siku, hulea viungo vizuri. Nunua na kifaa cha kuizima na kuiwasha chenyewe. Taa inayotegemea kumbukumbu ya mtu husahauliwa wiki ya pili.

Sasa maji. Usimwagilie kwa ratiba, mwagilia kwa uzito. Inua chungu baada ya kukimwagilia vizuri, mkono ukariri uzito ule. Siku ukikiinua kikawa chepesi, ndiyo siku ya maji. Mwaga hadi yatokeze chini, subiri nusu saa, kisha yamwage yaliyobaki kwenye kisahani. Halafu kuna lile karatasi linalong'aa ambalo maua ya sikukuu huuzwa yamevikwa. Hilo ni ndoo iliyopambwa. Maji yanakaa humo na mizizi inazama. Lichane matundu kwa chini au livue kabisa.

Kuhusu kunyunyizia majani ili kuongeza unyevu hewani: acha. Maji yale hukauka dakika chache tu baadaye, na kwenye majani kama ya rozmeri hualika ukungu. Kusogeza vyungu karibu karibu kunasaidia kidogo, mashine ya unyevu inasaidia zaidi. Mbolea nayo iache kabatini hadi uone machipukizi mapya, kwa kawaida Machi.

Poinsetia, kwa mwenye subira

Zile zinazoitwa maua mekundu ya poinsetia ni majani yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vile vitufe vidogo vya manjano katikati, na hivyo ndivyo vya kukagua unaponunua. Vikiwa bado vimefumba, mmea ni mpya na utakaa wiki nyingi. Vikiwa vimefunguka vyote na kuanza kupukutika, uache hata kama wekundu wake unakuvutia.

Waazteki waliujua mmea huu kwa jina cuetlaxochitl na waliutumia kwa rangi na dawa. Joel Roberts Poinsett, mwakilishi wa kwanza wa Marekani nchini Meksiko, alipeleka miche kwao South Carolina mwishoni mwa miaka ya 1820, na jina lake likaganda. Sifa kwamba ni sumu ya kuua imetiwa chumvi: utomvu wake mweupe huwasha ngozi, na paka au mbwa akitafuna majani anaweza kutapika, basi.

Ukiununua, ufunike wote kwa karatasi kabla ya kutoka nao nje. Dakika chache tu za baridi chini ya nyuzi 10 za Selsiasi zinatosha kuupukutisha majani siku mbili tatu baadaye, wakati umeshasahau kilichotokea. Nyumbani uweke penye mwanga mwingi, nyuzi 18 hadi 21, mbali na mlango unaofunguliwa kila mara.

Wengi huutupa ukishachakaa, na sioni dhambi. Lakini ukitaka uwake tena mwaka unaofuata, hii ndiyo njia.

Aprili, vaa glavu ukate mashina yabaki sentimita 10 hadi 15. Utaonekana kama kisiki, usiogope. Mei au Juni uhamishe kwenye chungu kikubwa kidogo tu kuliko cha mwanzo, uanze kuupa mbolea, na joto la nje likitulia utoe nje kwenye kivuli chepesi. Kila machipukizi yakifikia sentimita kama 10, chuna ncha ili yagawanyike. Mwisho wa Agosti acha kuchuna. Septemba, kabla usiku haujaanza kuwa baridi, urudishe ndani.

Oktoba mosi ndipo kazi inapoanza. Poinsetia hupima urefu wa usiku, na bila usiku mrefu usiokatizwa haiwezi kuunda maua wala kugeuza majani rangi. Kila siku saa 11 jioni uingize kwenye kabati au uufunike kwa boksi lisilopenya mwanga, na saa 2 asubuhi uutoe. Zinakuwa saa 15 za giza. Giza hilo liwe giza kweli: taa ya barabarani inayopenya pazia, au mtu anayefungua kabati usiku kutafuta koti, vinaweza kuvuruga mpango. Mchana nao uwe dirishani penye jua, kwa sababu giza linatoa ishara tu, chakula kinatoka kwenye mwanga. Endelea hivyo wiki 8 hadi 10. Majani ya juu yakishashika rangi vizuri, boksi halihitajiki tena.

Mtu anayesafirisafiri Oktoba na Novemba asijitie kwenye shughuli hii.

Kaktasi ya Krismasi

Kama ningeambiwa nichague mmea mmoja tu wa sikukuu, ningechagua huu. Huishi miongo, watu hurithishana, na hauhitaji boksi wala kabati.

Kosa la kawaida ni kuuona umeitwa kaktasi ukaupa maisha ya jangwani. Kwao ni milima ya pwani ya kusini mashariki mwa Brazili, ambako huota juu ya matawi ya miti na kwenye nyufa za miamba, ndani ya ukungu na kivuli. Kwa hiyo unataka udongo unaopitisha maji haraka lakini usiokauka kabisa: udongo wa kawaida wa vyungu uliochanganywa na vipande vya magome au perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mawe), robo hadi theluthi. Jua kali la mchana huugeuza mwekundu kama uliobabuka.

Mingi inayouzwa kwa jina hilo ni Schlumbergera truncata, yenye pingili zenye meno makali ukingoni, na hiyo huchanua mapema, Novemba. Ile ya zamani ya nyumba za mabibi, Schlumbergera × buckleyi, ilizalishwa Uingereza karne ya 19. Pingili zake zina kingo za mviringo na huchanua karibu na Krismasi yenyewe au baada yake. Matunzo ni yale yale.

Ili uchanue, kuanzia katikati ya Septemba uhamishie chumba kisichowashwa taa usiku na chenye ubaridi wa nyuzi 10 hadi 15. Ubaridi huo ukiupata, vitumba hutokea hata kama usiku si mrefu sana. Punguza maji kidogo, usiukaushe. Baada ya wiki kama 6 utaona vitone vyekundu kwenye ncha za pingili.

Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanafurahi, wanauhamisha sebuleni palipo na joto, wanaugeuza geuza upande mzuri uonekane, na vitumba vyote vinadondoka. Subiri hadi vitumba vya kwanza vikaribie kufunguka ndipo uhame nao, na ukishauweka, usiuguse.

Kuuzidisha ni rahisi mno. Baada ya maua kuisha, shika tawi lenye pingili 2 au 3, lizungushe taratibu kwenye kiungio hadi litoke. Liache mezani siku moja au mbili kidonda kikauke, kisha lipande nusu pingili ndani ya udongo wenye unyevu. Weka vipande vinne au vitano kwenye chungu kimoja, la sivyo utasubiri miaka kuona mmea uliojaa.

Matunguu ya maua

Tunguu ni ua lililokwisha kutengenezwa na kufungwa, wewe kazi yako ni kulifungua kwa wakati. Ndiyo maana hata mtu asiye na mkono wa bustani hufaulu mwaka wa kwanza.

*Amarilisi.* Nunua tunguu kubwa kadiri mfuko unavyoruhusu. Tunguu nene hutoa shina la pili, wakati mwingine la tatu, na jembamba hutoa moja. Chungu kiwe kizito na kipana kulipita tunguu kwa sentimita 2 au 3 tu pande zote. Lifukie hadi theluthi mbili, mabega yabaki nje. Mwagilia mara moja, halafu karibu usimwagilie tena hadi kichipukizi kionekane. Zungusha chungu robo mzunguko kila siku mbili tatu ili shina lisiegemee dirishani. Kutoka kupanda hadi kuchanua ni wiki 6 hadi 8 hivi, kwa hiyo anayetaka maua ya Krismasi apande mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba.

Maua yakinyauka kata shina, majani yaache. Hayo majani ndiyo yanayojenga ua la mwakani: yape jua, maji na mbolea hadi mwisho wa kiangazi. Septemba acha kumwagilia, majani yakauke, tunguu lilale pakavu penye nyuzi 10 hadi 13 kwa wiki 8 hadi 10. Kisha liamshe kwa maji. Tunguu la amarilisi lina sumu, kwa hiyo lisikae karibu na vitunguu vya kupikia.

*Narsisi nyeupe.* Hizi hazihitaji udongo wala ubaridi wa kabla. Jaza bakuli kokoto, kaza matunguu humo yakiwa yamebanana, tia maji yaguse kitako tu. Wiki 4 hadi 6 zinachanua, na harufu yake wapo wanaoipenda na wapo wanaohama chumba.

Tatizo lake ni kimo. Mashina hurefuka, yanaanguka, unaishia kuyafunga kwa kamba kama wafungwa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani walichapisha ufumbuzi ambao wenye bustani walicheka kwanza kisha wakajaribu: kuzinywesha pombe. Yaache yaanze kwa maji safi. Chipukizi likifika sentimita 3 hadi 5 juu ya tunguu, mwaga maji yote, weka mchanganyiko wa pombe ya asilimia 5, na uendelee na huo huo kila unapoongeza. Kinywaji kikali cha asilimia 40 changanya sehemu 1 kwa 7 za maji. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa, sehemu 1 kwa 13. Mashina hubaki mafupi kwa theluthi moja au zaidi, na maua huwa ya ukubwa ule ule. Sababu ni kwamba pombe huubana mmea usinywe maji kwa wingi, nao unarefuka kidogo. Bia na mvinyo havifai kwa sababu ya sukari yake, na ukizidisha asilimia 10 utaidhuru mimea. Zikimaliza kuchanua, zitupe, hazina nguvu tena.

*Hayasinti.* Hii inataka ubaridi kwanza: wiki 12 hadi 14 penye nyuzi 4 hadi 9. Friji inafaa, lakini si ile yenye matufaha au matunda mengine yanayoiva, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda huua ua likiwa bado ndani ya tunguu. Utaona majani mazuri na katikati patupu. Baada ya ubaridi, likalishe kwenye shingo ya glasi nyembamba, maji yakome milimita chache chini ya kitako, mizizi iyafuate yenyewe. Vaa glavu unapoyashika, vumbi la maganda yake huwasha vibaya.

Siklameni, rozmeri na mvinje wa kisiwani, kwa kifupi

Siklameni hupenda chumba unachovalia sweta, nyuzi 10 hadi 16. Sebule ya joto huilaza ndani ya wiki mbili. Mwagilia kwa kisahani, kamwe si katikati ya kichwa chake. Ua lililochakaa livute na kikonyo chake kwa kukizungusha, usikate, kwa sababu kibaki kinachosalia huoza. Kiangazi kwao ni kikavu, hivyo majani yakianza kuwa ya manjano mwishoni mwa machipuko haufi, unalala. Uache ukauke kivulini hadi Septemba.

Rozmeri iliyokatwa umbo la mti wa Krismasi inauzwa kila mahali na inakufa kila mahali. Inataka jua jingi, ubaridi wa nyuzi 7 hadi 15 na udongo usiokauka kabisa wala kulowa. Hatari yake ni kwamba haikuonyi: majani yake hayalegei, na siku ukigundua yamekauka, mizizi ilishakufa zamani.

Araukaria ya kisiwa cha Norfolk, kule Bahari ya Pasifiki, hufanana na mvinje mdogo na ni mti mzuri wa Krismasi wa kudumu. Usikate ncha yake ya juu hata siku moja, haitarudisha umbo. Epuka iliyopuliziwa rangi ya kumetameta.

Viungo ambavyo jirani hana

Nanaa, rehani na mchaichai kila mtu anavijua. Hivi vingine havionekani sana, na baadhi vinastahimili dirisha la baridi kuliko rehani, ambayo kwa kweli wakati huu ni kuitesa tu.

Anza na Coleus amboinicus, inayouzwa mara nyingi kwa jina la oregano ya Kuba ingawa asili yake ni kusini na mashariki mwa Afrika. Majani yake ni mazito yenye vinyweleo, huhifadhi maji, hivyo hewa kavu ya nyumba yenye kipasha joto haiiumizi. Jani moja linatosha sufuria nzima. Kijiti chochote ukichomeka kwenye udongo kinaota. Kinachoiua ni baridi na udongo uliolowa.

Chavili ndiyo ninayoipanda zaidi. Ladha yake iko kati ya parsle na bizari tamu, na inapenda ubaridi, nyuzi kama 15, na mwanga wa wastani. Pandia mbegu humo humo itakamokaa, chungu cha kina, kwa sababu ukihamisha mche unakasirika na kutoa maua. Wiki 6 hadi 8 unavuna. Rudia kupanda kila baada ya wiki 3 au 4. Itie kwenye chakula kikishaepuliwa, moto huipotezea ladha yote.

Vabena ya limau, kutoka Amerika ya Kusini, ndiyo yenye harufu ya limau safi kuliko majani yote ninayoyajua. Ikiingizwa ndani kwa baridi hupukutisha majani na wengi huitupa wakidhani imekufa. Kwaruza gome kwa ukucha: chini pakiwa kijani, iko hai. Iweke pa baridi, maji kidogo mara moja kwa wiki 2 au 3, na usubiri. Huchelewa kuamka.

Giligilani ya Vietnam, Persicaria odorata, haina undugu na giligilani ya kawaida lakini ladha inakaribiana, ikiwa na ukali wa pilipili. Tumbukiza tawi kwenye glasi ya maji, baada ya siku chache lina mizizi. Ni miongoni mwa mimea michache ya chungu inayofurahia udongo wenye majimaji, kwa hiyo ni ya wale wasioweza kujizuia kumwagilia.

Shiso, kiungo cha majani cha Kijapani, ina saa ile ile ya poinsetia. Usiku ukirefuka inakimbilia maua na majani yanakoma. Hii ndiyo inayohitaji taa saa 16 kwa siku, na chuna ncha kila mara. Salvia elegans, yenye majani ya harufu ya nanasi, nayo huongozwa na usiku mrefu, ila hapo ni faida: huwaka maua mekundu membamba, yanayolika, wakati bustani yote imenyauka.

Taragoni ya Kifaransa isiingie ndani. Inahitaji kulala kwa baridi na haizai mbegu zinazoota. Pakiti yoyote ya mbegu iliyoandikwa taragoni ni ya Kirusi, ambayo haina ladha ya maana. Ukitaka ladha ya ile ya Kifaransa dirishani tafuta Tagetes lucida ya Meksiko. Nje, penye theluji, panda Sanguisorba minor: majani yake machanga yana ladha ya tango na unaweza kuyachimbua chini ya theluji yakiwa mabichi.

Na zafarani. Kila ua la mmea wake, Crocus sativus, hutoa nyuzi nyembamba 3 tu, na inachukua maua kama 150 kupata gramu moja iliyokauka, kwa hiyo usitegemee kuuza. Matunguu hupandwa Agosti au Septemba, sentimita 10 hadi 15 chini, penye jua. Maua hutokea Oktoba na Novemba. Chuma asubuhi siku lilipofunguka, ng'oa nyuzi kwa vidole, zikaushe.

Wadudu wa ndani ni watatu wa kuwatazamia. Viinzi weusi wanaorukaruka juu ya udongo maana yake umezidisha maji: acha sentimita 2 za juu zikauke na utege karatasi za njano zenye gundi. Utitiri mwekundu huacha vitone vyeupe na nyuzi kama za buibui chini ya jani; osha mmea wote kwa maji bombani kila wiki. Vidung'ata, wale wenye pamba nyeupe, wafute kwa pamba iliyochovywa kwenye spiriti.

Raha nyingine za miezi ya giza

Kuanzia mwisho wa Januari, miti ikiwa imeshapata baridi kwa wiki 6 hadi 8, unaweza kuleta machipuko ndani kabla ya wakati wake. Forsithia, kichaka cha maua ya manjano, ndiyo nyepesi kuliko zote, kisha cheri na tufaha. Chagua siku ambayo nje hakujaganda. Tafuta matawi yenye vitumba vinene vya mviringo, hivyo ni maua; vilivyochongoka na vyembamba ni majani. Kata kimshazari, pasua kitako sentimita 2 au 3, yaloweke matawi yote usiku mmoja kwenye maji ya vuguvugu, kisha yasimamishe kwenye chombo chumba cha nyuzi 15 hadi 18. Badilisha maji kila siku mbili tatu. Forsithia hufunguka ndani ya wiki 1 hadi 3, tufaha huhitaji zaidi.

Asiye na mti apande majani machanga ya kula. Trei yenye udongo wa sentimita 3, tawanya mbegu za figili au haradali zikaribiane bila kupandana, nyunyiza maji, funika siku 2 au 3, kisha weka penye mwanga. Siku ya 7 hadi ya 10 unakata kwa mkasi. Njegere huchukua wiki 2 hadi 3, na ukikata juu ya jani la chini kabisa huchipua tena. Tumia mbegu zisizopakwa dawa.

Kisha fungua lile boksi la pakiti za zamani. Mbegu za vitunguu na parsnipi (mboga ya mzizi kama karoti nyeupe) hazidumu, baada ya mwaka mmoja zishuku. Pilipili hukaa miaka 2 hivi, nyanya 4 au zaidi, matango 5. Tarehe ya pakiti isikutishe, pima mwenyewe: panga mbegu 10 kwenye tishu yenye unyevu, ikunje, itie kwenye mfuko wa plastiki ulioandikwa jina na tarehe, uweke penye joto la nyuzi 20 hadi 24. Angalia kila siku kuanzia siku ya 4, tishu isikauke. Nyingi hujionyesha ndani ya siku 10, pilipili na parsle zipe wiki 3. Zikiota 8 au zaidi, panda kama kawaida. Zikiota 5, panda mara mbili ya kiasi. Chini ya 4, agiza pakiti mpya sasa, kabla ya Machi, wakati aina nzuri bado zipo. Zile zilizoota kwenye tishu zihamishie kwenye udongo pamoja na kipande cha tishu kilichoshikana na mzizi, usijaribu kukibandua.